Kitambaa Cheusi Chini ya Boriti: Miongozo ya Kuimarisha Zege kwa Nyuzi za Kaboni Inaruhusu Nini na Inakataa Nini

Jengo la ghorofa tatu lililojengwa kwa ajili ya familia moja haliulizwi maoni siku mwenyewe anapoamua kuligeuza: duka chini, ghala la mchele katikati, vyumba vya wanafunzi juu. Katika jiji la Mwanza mageuzi ya namna hii si kitu kigeni, kuanzia majengo ya zamani ya katikati ya mji hadi nyumba za Nyegezi, Igoma na Kirumba zilizopandishwa kidogo kidogo kadiri fedha zilivyopatikana. Zege lililopigiwa hesabu ya vitanda na makabati linaanza kubeba magunia, na baada ya muda mpangaji anaona ufa mwembamba chini ya boriti, halafu wa pili, halafu mlango wa chumba cha chini unagoma kufunga kwa sababu boriti iliyo juu yake imenepa. Hapo ndipo mwenye jengo husikia, mara nyingi kutoka kwa mtu mwenye bidhaa ya kuuza, kwamba siku hizi hakuna haja ya kuvunja. Boriti inabandikwa kitambaa cheusi cha kaboni na kazi inakwisha kwa siku mbili.

Habari hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana inahitaji kufafanuliwa. Teknolojia yenyewe imesimama imara kwa zaidi ya miaka thelathini na ina miongozo ya usanifu iliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa. Lakini anayeisoma miongozo hiyo kwa mara ya kwanza hushangaa, kwa kuwa sehemu ndogo tu inazungumzia nguvu za kaboni. Sehemu kubwa inazungumzia mambo ambayo kaboni haiwezi kuyafanya, zege ambalo halistahili kubandikwa, na kiasi cha nguvu ambacho mhandisi haruhusiwi kukihesabu hata kama maabara imekithibitisha.

Tuanze na kitu chenyewe. Nyuzi nyembamba za kaboni, kioo au aramidi hupangwa upande mmoja na kushikanishwa kwa gundi ngumu ya epoksi. Gundi hiyo ni polima, na muunganiko wa viwili hivyo ndio unaoitwa polima iliyoimarishwa kwa nyuzi. Huuzwa kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni kitambaa chenye unene wa sehemu ya milimita, ambacho hulowekwa gundi na kubandikwa papo hapo kwa rola. Ya pili ni ukanda mgumu uliokwisha kukaushwa kiwandani, kwa kawaida wenye unene wa milimita moja na ushei, ambao hubandikwa kama rula ndefu chini ya boriti. Kaboni huhimili mvuto mara kadhaa kuliko nondo ya kawaida, ilhali uzito wake ni takriban moja ya tano ya chuma cha ujazo uleule. Haishiki kutu. Zege, kwa upande wake, ni hodari katika kugandamizwa na dhaifu mno katika kuvutwa, na upande wa chini wa boriti iliyobebeshwa mzigo ndio unaovutwa. Wazo, basi, ni kuongeza nondo nyingine kwa nje, mahali ambapo nondo za ndani zimezidiwa.

Mfano unaotajwa zaidi katika historia ya fani hii ni daraja la Ibach karibu na Luzern, Uswisi. Mwaka 1991 mafundi waliokuwa wakitoboa zege ili kufunga taa za barabarani waliharibu nyaya za chuma zilizovutwa ndani ya daraja hilo. Watafiti wa maabara ya EMPA, wakiongozwa na Urs Meier, walikwisha kufanya majaribio ya kanda za kaboni kwa miaka kadhaa, na daraja hilo likaimarishwa kwa kilo 6.2 za kaboni mahali ambapo njia ya zamani ya kubandika mabamba ingehitaji kilo 175 za chuma. Nchini Japani, matumizi ya kuzungushia nguzo yalipanuka haraka baada ya tetemeko la Kobe la mwaka 1995.

Miongozo ilifuata kazi, kama ilivyo kawaida. Mwaka 2001 wahandisi wa Japani walitoa wa kwao, na mwaka huohuo shirikisho la kimataifa la zege, fib, likatoa taarifa yake namba 14. Kamati ya 440 ya taasisi ya zege ya Marekani, ACI, ilitoa mwongozo wake ujulikanao kama ACI 440.2R mwaka 2002 na kuupitia upya mwaka 2008, 2017 na 2023. Uingereza ina TR55, Italia ina CNR-DT 200, na toleo jipya la Eurocode 2, kanuni ya zege ya Ulaya, la mwaka 2023 limeweka kiambatisho kizima kuhusu jambo hili. Kwa mhandisi wa Mwanza, ambaye huenda amefundishwa kwa BS 8110, kanuni ya zamani ya zege ya Uingereza, na sasa anahamia Eurocode, jambo la kwanza la kushika ni kwamba vipengele vya usalama, yaani namba za kuzidishia mizigo na kupunguzia uwezo, vya mwongozo mmoja havichanganywi na vya mwingine. Kila mwongozo umepimwa pamoja na kanuni ya zege ya kwao. Ukichukua mzigo wa hapa, punguzo la kule na uwezo wa kwingine, utapata jibu lenye desimali nzuri lisilo na maana yoyote. Katika makala haya nitafuata ACI 440.2R, si kwa sababu ni bora kuliko yote, bali kwa kuwa masharti yake yamenyooka na ni rahisi kuyaonyesha kwa hesabu fupi.

Sharti linalostahili kusomwa kabla ya mengine yote ni lile la kikomo cha uimarishaji. Linasema hivi: jengo lililopo, bila kaboni yoyote, lazima liweze kubeba uzito wake lenyewe ukizidishwa kwa 1.1 pamoja na mzigo mpya wa matumizi, yaani watu na vitu vyao, ukizidishwa kwa 0.75. Sababu yake iko wazi. Kaboni imebandikwa nje. Inaweza kuungua, kukatwa na fundi umeme, kugongwa na gari la mizigo, au kubanduka kwa kosa la siku ya kwanza ambalo hakuna aliyeliona. Siku hiyo ikifika, jengo linaweza kunepa, linaweza kupasuka, lakini lisiwaangukie watu.

Tuone sharti hilo likifanya kazi. Chukua slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ya nyumba ya kuishi yenye unene wa milimita 150. Uzito wake pamoja na lipu, vigae na kuta nyepesi ni kilonyutoni 5 kwa kila mita ya mraba, yaani karibu kilo 500. Mzigo wa matumizi wa nyumba ya kuishi, kama wahandisi wetu walivyozoea kuuchukua kutoka kanuni za Uingereza, ni 1.5. Kwa vizidisho vya Marekani vya 1.2 na 1.6, slabu iliyosanifiwa bila ziada inapaswa kuwa na uwezo wa 6.0 jumlisha 2.4, yaani 8.4. Mwenye nyumba sasa anataka kuifanya ofisi, ambayo mzigo wake ni 2.5. Tunapima: 5 mara 1.1 ni 5.5; 2.5 mara 0.75 ni karibu 1.9, jumla 7.4. Ni chini ya 8.4, kwa hiyo mwongozo unaruhusu mazungumzo ya kaboni yaanze. Akitaka duka, mzigo ni 4.0. Tunapata 5.5 jumlisha 3.0, yaani 8.5, na mlango unafungwa kwa tofauti ya sehemu ya kumi. Wapo watakaoona huo ni ukali usio na sababu, na watatafuta namna ya kupunguza uzito wa vigae kwenye karatasi. Nadhani ni heri kuupunguza kwenye jengo lenyewe: bandua vigae na lipu nzito, ondoa ukuta wa tofali uliojengwa katikati ya slabu, kisha piga hesabu upya kwa haki.

Akitaka ghala, habari ni nyingine kabisa. Kanuni za Uingereza zinahesabu ghala la kawaida kwa kilonyutoni 2.4 kwa kila mita ya kimo cha mali, kwa hiyo magunia yaliyopangwa hadi mita mbili na nusu ni 6.0, mara nne ya mzigo wa awali. Tena mwongozo unasema kwamba mahali ambapo mzigo wa matumizi unakaa muda mrefu, kama vile ghala au rafu za maktaba, kizidisho si 0.75 bali ni 1.0. Jumla inakuwa 11.5 dhidi ya uwezo wa 8.4. Hakuna idadi ya tabaka za kaboni inayoweza kulipia pengo hilo, kwa sababu hesabu yenyewe inafanywa kana kwamba kaboni haipo. Jengo hilo linahitaji nguzo mpya, boriti za chuma chini ya slabu, au mchele uhamie kwenye banda la chini ardhini. Ukweli huu ndio unaopotea zaidi sokoni.

Moto una hesabu yake pembeni. Gundi za epoksi zinazokaukia kwenye joto la kawaida huanza kulegea kati ya nyuzijoto 60 na 82, joto ambalo chumba kinachoungua hulifikia mapema sana, wakati nondo zilizofichwa ndani ya zege bado hazijahisi lolote. Kwa hiyo kaboni isiyokingwa huhesabiwa kuwa imekwenda, na jengo lililopo linapaswa kubeba uzito wake na mzigo mpya bila kizidisho chochote kwa muda wote ambao kanuni za moto zinadai. Joto hilohilo la kulegea ndilo linalotulazimisha kuuliza kuhusu slabu ya juu inayopigwa na jua la Januari mchana kutwa, au boriti iliyo juu ya jiko la hoteli linalowashwa kuni tangu alfajiri. Mwongozo unataka joto la kawaida la mahali pale liwe chini ya joto la kulegea kwa angalau nyuzi 15.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lenye utamu wa kihandisi kuliko yote: kaboni karibu kamwe haikatiki. Kabla haijafikia nguvu yake, hubanduka, na inapobanduka mara nyingi huondoka na ngozi nyembamba ya zege. Gundi haikushindwa, lililoshindwa ni zege lililo nyuma yake. Mahali pengine ukanda huanzia kubanduka kwenye ufa mpana wa katikati ya boriti, na pengine mwisho wa ukanda hung'oa kava lote, yaani zege linalofunika nondo, mpaka nondo zinaonekana. Mwongozo unaweka kikomo cha kiasi ambacho kaboni inaruhusiwa kurefuka ili hali hiyo isitokee. Kikomo hicho ni 0.41 mara kipeuo cha pili cha jibu la kugawa nguvu ya zege kwa zao la idadi ya tabaka, ukakamavu wa nyuzi (jinsi zinavyokataa kurefushwa) na unene wa tabaka moja, vyote vikiwa katika nyutoni na milimita.

Tuweke namba. Zege lenye nguvu ya megapaskali 20, kitambaa chenye ukakamavu wa megapaskali 230,000 na unene wa milimita 0.167. Tabaka moja linaruhusiwa kurefuka 0.0094, yaani chini kidogo ya sehemu moja ya mia ya urefu wake. Tabaka mbili: 0.0066. Tabaka nne: 0.0047. Zingatia kilichotokea: tabaka zimeongezeka mara nne, lakini kila moja inafanya nusu ya kazi ya ile ya kwanza, kwa hiyo nguvu yote imeongezeka mara mbili tu. Mwenye jengo amelipia vitambaa vinne na kupata faida ya viwili. Ukichukua ukanda mgumu wa milimita 1.2 wenye ukakamavu wa 165,000, kikomo kinashuka hadi 0.0041, ingawa ukanda wa aina hiyo kwa kawaida hauvunjiki hadi urefuke kama mara nne ya hapo. Ile namba kubwa ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ya bidhaa, na ambayo muuzaji huisoma kwa sauti, haiingii kabisa katika hesabu ya mwisho. Kinachotawala ni ubora wa zege lililomwagwa zamani na mtu ambaye hatumjui. Kupanua eneo la gundi, yaani kutandaza tabaka moja pana badala ya kurundika nne za upana mdogo, karibu kila mara kuna faida zaidi.

Juu ya hilo huja mapunguzo mengine. Mchango wa kaboni katika kupinda huzidishwa kwa 0.85. Nguvu yake ya maabara hupunguzwa kwa ajili ya mazingira: kaboni ndani ya jengo huhesabiwa kwa 0.95 na nje kwa 0.85, ilhali kioo huanza na 0.75 ndani, 0.65 nje, na kushuka hadi 0.50 katika mazingira makali. Kioo ni cha bei nafuu, na kwa sababu hiyo kinavutia, lakini kikibebeshwa mzigo wa kudumu huchoka na kukatika chenyewe baada ya miaka. Ndiyo maana mkazo wake wa kila siku hauruhusiwi kuzidi asilimia 20 ya nguvu yake, wakati kaboni inaruhusiwa asilimia 55. Vilevile hakuna nyuzi kati ya hizi inayotoa onyo kama nondo. Nondo ikizidiwa hurefuka taratibu, boriti ikanepa, lipu ikadondoka, watu wakatoka. Nyuzi huvutika kwa mstari ulionyooka hadi dakika ya mwisho, kisha basi. Kwa hiyo msanifu anatakiwa kuhakikisha nondo za ndani zinazidiwa kwanza kabla kaboni haijabanduka, na asipofanikiwa, kipengele cha usalama kinashushwa kutoka 0.90 hadi kufikia 0.65.

Yote hayo yanadhani kwamba zege lililo chini ni zima. Hapa Mwanza ina bahati moja na balaa moja. Bahati ni kwamba maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, hivyo nondo za majengo ya kando ya ziwa haziliwi na kloridi kwa kasi inayojulikana kwa wenzetu wa Dar es Salaam na Tanga. Balaa ni kava. Vile vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, vya kuinua nondo zisilale kwenye mbao, vilisahauliwa katika majengo mengi, na nondo ziko milimita kumi kutoka hewani. Hewa ukaa huingia taratibu ndani ya zege, huondoa ile hali ya ualkali inayolinda chuma, na kutu huanza bila chumvi yoyote. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo husukuma zege kutoka ndani. Ziwa lilipopanda mwaka 2020, na tena 2024, nguzo za baadhi ya majengo ya ufukweni zilikaa kwenye maji kwa miezi kisha zikakauka, na mzunguko wa kulowa na kukauka ni chakula cha kutu. Mwongozo unakataza waziwazi kufunika zege la namna hiyo kwa kaboni. Kutu itaendelea nyuma ya kitambaa, itavimba, na siku moja kitambaa, gundi na kava vitatoka pamoja vikiwa vimeshikana vizuri sana. Lazima zege bovu lichongwe hadi nyuma ya nondo, chuma kisafishwe, kipande kijazwe upya, ndipo mazungumzo mengine yaendelee. Tena kaboni hupitisha umeme. Ikigusa chuma penye unyevu huharakisha kutu, kwa hiyo hutenganishwa nacho kwa gundi au kwa tabaka la kioo.

Niliwahi kuitwa kuangalia boriti iliyokuwa imekwisha kuimarishwa na watu wengine. Ilipendeza: nyeusi, laini, kingo zimenyooka. Niligonga kwa nyundo ndogo kuanzia upande wa dirisha, na mlio ulikuwa wa debe. Nilipoinua kona ya kitambaa kwa bisibisi kiliachia, na mgongoni mwake palikuwa na safu nzuri nyeupe ya lipu pamoja na rangi ya mafuta. Walibandika kaboni juu ya lipu. Kitambaa cha bei kubwa kilikuwa kimeshikilia kwa uaminifu sentimita mbili za mchanga na saruji, na lipu hiyo ilikuwa inashikiliwa na boriti ileile iliyopasuka.

Kosa hilo lingenaswa kwa jaribio la dakika chache ambalo kila mwongozo unalidai. Uso wa zege hukatwa duara dogo, kisahani cha chuma cha milimita 50 hubandikwa juu yake kwa epoksi, na baada ya gundi kukauka kifaa cha mkono hukivuta moja kwa moja hadi king'oke. Nguvu ya kung'oa isipungue megapaskali 1.4, na zege lenyewe liwe na nguvu ya kugandamizwa isiyopungua 17. Lakini anayejua kazi hasomi namba peke yake. Hugeuza kisahani na kutazama kilichobaki mgongoni. Kokoto zilizopasuka katikati ni habari njema: gundi imelishinda zege. Vumbi jeupe ni lipu, uso uliooshwa vibaya, au ule utelezi wa saruji uliopanda juu siku ya kumwaga. Gundi inayong'aa, isiyo na chembe ya zege, maana yake uso ulikuwa na maji au mafuta.

Uso huandaliwa kwa grenda au kwa kupigwa mchanga hadi kokoto zionekane, mabonde hujazwa, na nyufa zenye upana unaozidi milimita 0.3 hudungwa epoksi kwa shinikizo. Ni kazi ya vumbi inayochukua sehemu kubwa ya muda wote, na ndiyo inayofupishwa kwanza mkandarasi akibanwa. Halafu kuna umande. Uso wa zege unatakiwa uwe na joto linalozidi joto la umande, yaani lile ambalo mvuke wa hewani huanza kugeuka maji, kwa angalau nyuzi 3, na kando ya ziwa sharti hili si la mapambo. Tuseme ni saa mbili asubuhi: hewa ina nyuzi 23, unyevu ni asilimia 85, na tumbo la slabu lina nyuzi 22. Umande hujitengeneza kwenye nyuzi 20 na kidogo, kwa hiyo tofauti haifiki 2. Zege linaonekana kavu kwa macho, lakini fundi anayebandika saa hiyo anabandika juu ya ukungu asiouona. Ifikapo saa tano, hewa ikiwa nyuzi 27 na unyevu asilimia 60, umande umeshuka hadi karibu 18.6, na zege limepata joto. Hapo kazi inaweza kuanza. Ubaya wake ni kwamba kadiri jua linavyopanda ndivyo gundi iliyochanganywa inavyoganda upesi ndani ya ndoo, kwa hiyo huchanganywa kidogo kidogo, na iliyoanza kupata moto hutupwa hata kama inauma.

Boriti haishindwi kwa kupinda tu. Karibu na nguzo hukatwa kwa mshazari, na huko kazi ya ringi za ndani, zile nondo ndogo zinazozunguka nondo ndefu, husaidiwa na vipande vya kitambaa vilivyosimamishwa kama mbavu. Tatizo ni kwamba slabu imekaa juu ya boriti, kwa hiyo kitambaa hakiwezi kuizunguka yote; hukumbatia pande tatu na kuishia chini ya slabu, mahali ambapo ncha zake ziko tayari kubanduka. Kwa sababu hiyo mchango wake huzidishwa kwa 0.85 badala ya 0.95 ya kuzungushia kikamilifu, na hata aliyezungushia kikamilifu haruhusiwi kuhesabu urefukaji unaozidi 0.004, kwani kabla ya hapo ufa wa mshazari umekuwa mpana kiasi kwamba kokoto za pande zake mbili hazishikani tena.

Nguzo ndizo zinazoitikia vizuri zaidi, mradi ni za duara. Zege linapogandamizwa hutanuka kiunoni, na kitambaa kilichozungushwa hulibana pande zote sawasawa, likaongeza nguvu na zaidi ya hapo likaongeza uvumilivu. Nguzo ya mraba hubanwa kwenye kona tu, ilhali katikati ya pande kitambaa huenda kimelala bila kazi. Ndiyo maana kona huviringishwa kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 13, vinginevyo kona kali hukata nyuzi kama kisu. Nguzo yenye upande mrefu unaozidi mara mbili ya ule mfupi hairuhusiwi kuhesabiwa kwa njia hii bila majaribio. Sharti hilo linagusa nyumba zetu nyingi, kwa sababu nguzo ya milimita 150 kwa 450 inapendwa sana: inajificha ndani ya ukuta na haileti kona chumbani.

Mtu aliyekuwa Bukoba tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipoipiga Kagera, anaweza kuuliza kama nguzo zetu zote zizungushiwe. Nyumba nyingi zilizoanguka siku ile zilikuwa za matofali, zisizo na nguzo wala mkanda wa zege wa kuzungushia, na kwa hizo kaboni si dawa. Kwa majengo ya ghorofa yenye nguzo nyembamba na ringi zilizoachana sana, hata hivyo, kuzungushia miguu na vichwa vya nguzo ni miongoni mwa matumizi machache ambayo kila mwongozo unayakubali kwa moyo mkunjufu.

Kazi ikiisha hugongwa tena kwa nyundo, baada ya gundi kukauka kwa angalau saa 24. Mfuko wa hewa usiofikia milimita za mraba 1,300, mdogo kuliko uso wa kisanduku cha kiberiti, unavumilika ikiwa mifuko ya aina hiyo haizidi kumi katika mita moja ya mraba wala asilimia 5 ya eneo lote. Unaozidi 16,000 hukatwa na kuwekewa kiraka chenye tabaka zilezile. Ulio katikati hudungwa gundi au hubadilishwa, kwa kutegemea mahali ulipo. Kisha huja rangi ya kukinga jua, au lipu maalumu ya moto, na baada ya wiki moja hakuna anayeweza kujua kwamba boriti ile ina kitu.

Na hapo ndipo mwongozo unapodai jambo dogo ambalo halina gharama: kumbukumbu. Mchoro wa mahali kitambaa kilipo, idadi ya tabaka, namba za makopo ya gundi, vipimo vya joto na umande vya kila siku, na matokeo ya kung'oa, vyote vibaki kwa mwenye jengo na kwa mhandisi aliyesajiliwa aliyesanifu kazi. Binafsi huongeza kibao kidogo kwenye boriti yenyewe, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: USITOBOE HAPA. Daraja la Ibach lenyewe lilihitaji kaboni kwa sababu ya tundu la taa. Mpangaji atakayekuja mwaka ujao hatasoma mchoro. Atafika na feni mpya, ngazi na mashine ya kutobolea, na atatafuta mahali pa kufunga ndoano katikati kabisa ya chumba, ambapo boriti inavutwa kuliko mahali pengine popote.